Watatu Watoke, Wawili Waingie

Palikuwa na nchi, na kama haipo tena, basi mwenye kibali cha kututangazia hajapatikana. Iliitwa Chembehai. Habari zake nazisimulia bila kutia chumvi hata punje, maana katika nchi ile chumvi ilikuwa kosa la jinai, kama mtakavyoona.

Kitu cha kwanza alichoonyeshwa mgeni wa Chembehai kilikuwa Utando. Nchi nyingine hujizungushia ukuta wa mawe. Chembehai walijizungushia watumishi wa umma. Safu mbili za walinzi, maelfu kwa maelfu, zililala bega kwa bega kuizunguka nchi nzima. Safu ya kwanza vichwa vyao vilitazama nje, safu ya pili vichwa vyao vilitazama ndani, na miguu ya safu zote mbili ilikutana katikati. Kila mlinzi alikuwa na kichwa kimoja na miguu miwili, kama wewe na mimi, ila kichwa chake kiliyapenda maji kupita kiasi na miguu yake iliyachukia, hata tangu siku ya kuajiriwa haikuwahi kuoshwa. Basi pale katikati, miguu ilipokutana, palijaa mafuta, utelezi na harufu, na Wizara ikapaita mahali hapo usalama wa taifa.

Ili walinzi wasilegee wakati wa joto wala wasigandamane wakati wa baridi, kati yao walipachikwa wastaafu wagumu wagumu walioitwa Washauri. Kazi yao ilikuwa kuwa pale. Walipewa posho ya kuwa pale na posho nyingine ya mazingira magumu.

Sheria ya Upitaji ilikuwa fupi, na ilibandikwa kila penye nafasi: KIDOGO CHENYE MAFUTA KITAPITA BILA KUULIZWA. KIKUBWA SANA KITAMEZWA KWA HESHIMA. CHA KATI KITASUBIRI. Sheria hii ilitungwa na Mtukufu Kiini mwenyewe, aliyekaa katikati ya nchi ndani ya utando wake wa pekee, wenye kuta maradufu, akitoa amri kwa karatasi ndefu zilizonakiliwa usiku na mchana. Hakuna aliyewahi kumwona. Na karibu kila mwananchi wa Chembehai alikuwa wa kati.

Kisha kulikuwa na Pampu.

Pampu ulikuwa mlango uliozunguka katikati ya Utando, nao ulikuwa fahari ya nchi. Kila mzunguko ulitoa watu watatu nje na kuingiza wawili ndani. Watatu watoke, wawili waingie. Waliotolewa ni watu wa chumvi, yaani yeyote aliyekutwa na chumvi mwilini. Walioingizwa ni wawekezaji. Sasa chumvi mwilini hutokana na jasho, na jasho hutokana na kazi, kwa hiyo nchi ilikuwa ikiwatupa nje watu watatu wanaofanya kazi kila ilipokaribisha wawili wanaosema watafanya. Ili Pampu izunguke, theluthi moja ya sukari yote ya nchi ilichomwa katika matanuri ya serikali. Mtu akiuliza kwa nini, Waziri wa Uwiano alisimama jukwaani akapaaza sauti: "Ndugu wananchi! Pampu ikisimama hata kitambo kidogo, maji yatatufurika humu ndani, nchi itavimba, na Utando wetu mtukufu utapasuka kama puto! Mnataka kupasuka?" Watu walijibu kwamba hawataki kupasuka. Wakapigiwa makofi kwa niaba yao.

*

Mwajabu alikuwa mpishi wa uji katika hospitali ya wilaya. Hakuwa mtu wa siasa. Alichotaka duniani wiki ile kilikuwa sukari nusu kilo.

Mama yake, Bi. Mashavu, alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja, na ugonjwa wake ulikuwa wa kushuka kwa sukari mwilini. Ikishuka alitetemeka, akalowa jasho la baridi, akaanza kumwita Mwajabu kwa jina la shangazi yake marehemu. Dawa yake haikuhitaji daktari bingwa. Vijiko viwili vya sukari chini ya ulimi, na kizee kilirudi kuuliza nani kala maandazi yake.

"Dada Mwajabu, sikufichi," alisema Nesi Tunu siku ya Jumanne, akimvuta pembeni ya mlango. "Sukari ya hospitali yote imechukuliwa kwa ajili ya Pampu. Mama anaweza kufika Alhamisi. Ijumaa sikuahidi."

"Na huko nje ya Utando?"

"Nje imejaa. Nasikia watu wanaikanyaga."

Mwajabu alirudi jikoni akakaa juu ya ndoo. Miaka kumi na sita ya kukoroga uji ilikuwa imemfundisha jambo moja: sukari ukiitia upande mmoja wa sufuria itasambaa yenyewe mpaka upande wa pili, hata usipokoroga. Kitu hutoka kilipo kingi kikaenda kilipo kichache. Hakuna anayekiamuru na hakuna anayekisukuma. Ila katikati ya sufuria ya Chembehai palikuwa na serikali.

"Usiende, mwanangu," mama alisema. "Nitakunywa maji ya moto, nitalala, itapita."

"Alhamisi niko hapa, mama. Wewe nisubiri tu."

"Mimi nitakwenda wapi?" alijibu Bi. Mashavu, akacheka, na jasho likamtiririka hadi shingoni.

*

Kutoka Chembehai ilikuwa rahisi kuliko kupata kitambulisho. Mwajabu alikwenda Pampu akasema anataka kutoka.

Mkuu wa Pampu aliitwa Bwana Ndimi, na cheo chake kamili kilikuwa Mlambaji Mkuu wa Serikali. Mitambo ya kupima chumvi ilinunuliwa zamani na haikuwahi kufika, kwa hiyo maafisa wa Pampu walipima kwa ulimi. Walimlamba raia kwenye paji la uso, wakafumba macho kidogo kama waonjaji wa mchuzi, kisha wakaandika. Raia aliyejifuta baada ya kulambwa alishtakiwa kwa kuharibu kielelezo.

Bwana Ndimi alimlamba Mwajabu akatabasamu. "Chumvi safi kabisa! Na umekuja kwa hiari! Wangekuwa wote kama wewe, dada yangu, tusingekuwa tunapekua majumba." Akampa cheti cha uzalendo, akamfungia ndani ya Pampu na makuli wawili waliokuwa wakilia, mlango ukazunguka, na wote watatu wakamwagwa nje.

Nje, kweli, sukari ilikuwa imerundikana kama kokoto za barabara. Watu wa chumvi walikaa juu yake chini ya mabati, maelfu yao, wakitazama nchi waliyoijenga. Dobi mmoja aitwaye Sikudhani, aliyetolewa mwaka uliotangulia pamoja na pasi yake, alimjazia Mwajabu mfuko.

"Chukua hata gunia," alisema. "Tatizo halijawahi kuwa sukari, mwenzangu. Tatizo ni hao waliolala."

*

Jumatano yote Mwajabu alizunguka Utando na mfuko wake kiunoni.

Kwanza alisimama mbele ya tangazo akalisoma mara tatu. Kidogo chenye mafuta kitapita bila kuulizwa. Moyo ukamtulia. Nusu kilo ni kidogo, na mafuta angeyapata. Aliomba mafuta ya nazi kwa Sikudhani, akaupaka mfuko mpaka ukang'aa, akajipaka na mikono pia, kisha akamwendea mlinzi.

"Shikamoo, afande. Nina kitu kidogo."

Uso wa mlinzi ukachanua kama wa bwana harusi. "Marahaba, marahaba! Kilete, mama."

Mwajabu akaonyesha mfuko wa sukari.

Mlinzi alitazama mfuko, akatazama mikono ya Mwajabu inayong'aa, kisha akawaambia wenzake, na kicheko kikapita kutoka bega hadi bega mpaka kikapotea upeo wa macho. "Mama, hicho ni kidogo cha umbo," alisema akifuta machozi. "Sisi tunazungumzia kidogo cha maana." Wakati huohuo bwana mmoja mwenye shati la hariri alikuja akanong'ona, akapenyeza mkono wake kati ya vichwa viwili, na mwili mzima ukaufuata mkono, ukateleza kwenye mafuta ya miguu, ukatokea ndani bila hata kukunja shati. Hakuna aliyemuuliza jina.

Mwajabu akaenda Lango la Sukari. Huko alikaa Bwana Kigeugeu, afisa aliyepachikwa ndani ya Utando kwenye kiti kinachozunguka. Kiti kilipofunguka nje, alitazama nje. Kilipofunguka ndani, alitazama ndani. Mbele yake palikuwa na kibao chenye shimo la umbo la sukari, na kisichotosha humo hakikupita.

"Pole sana, dada yangu," alisema Bwana Kigeugeu, na machozi yalimlengalenga kweli. "Mama mzazi! Hii ni aibu ya taifa. Mimi binafsi nitalisemea." Kiti kikazunguka, na Mwajabu akamsikia upande wa pili: "Wakubwa, kuna mwanamke mkorofi nje anataka kutuchafulia jina." Kiti kikarudi. "Nimekusemea," alisema kwa upole. "Sukari ipite, wewe ubaki."

"Ikipita peke yake, inafika hospitali?"

"Inapigwa muhuri kwanza. Ikishapigwa muhuri haiwezi kutoka tena nchini, ni mali ya umma."

"Halafu inakwenda wapi?"

"Kwenye matanuri, dada. Ya Pampu." Aliona uso wake ukibadilika, akaongeza haraka, "Lakini inakwenda kwa heshima zote."

Mwajabu aliubana mfuko kiunoni akaondoka. Hasira ilikuwa imeanza kumpanda, nayo ilikuwa hasira ya mtu asiyeizoea, hakujua aiweke wapi. Alikuwa bado anaitafutia mahali wakati msafara wa Mheshimiwa mmoja ulipotokea, magari kumi na manne na lori la makochi. Hapo foleni ya watu wa kati ilikuwa na mjane mwenye cheti cha kifo cha mumewe na mkulima aliyeshika mbegu mpaka zikamchipulia mkononi. Wakaamriwa wapige makofi. Utando ukabonyea mbele ya msafara, ukarudi nyuma, ukaukumbatia kila upande, ukaufunika wote, Mheshimiwa na magari na makochi, ukaumeza kama tonge. Pale ulipomezea hapakubaki hata ufa.

"Kidogo kinapita, kikubwa kinamezwa," Mwajabu alisema kwa sauti, hakuna aliyekuwa akiongea naye. "Mungu wangu, sisi tulizaliwa na ukubwa gani?"

*

Alhamisi asubuhi alikuwa mdomoni mwa Pampu, upande wa nje. Siku mbili juu ya vilima vya sukari na mafuta ya nazi mwilini zilikuwa zimemfanyia jambo ambalo mwenyewe hakulitambua: ungaunga wa sukari ulikuwa umemganda uso mzima.

Bwana Ndimi alitoa kichwa nje, amekasirika. Mbele yake alisimama mwekezaji mmoja tu, bwana mnene mwenye begi. Wa pili alikuwa amekosa usafiri, na ripoti ya mzunguko ilitakiwa kwa Mtukufu Kiini kabla ya saa sita.

"Wawili! Sheria inasema wawili!" Akaangaza macho, akamwona mwanamke anayemetameta. "Wewe. Sogea." Alimlamba paji la uso, akasita, akalamba tena polepole. "Mtamu," alisema kwa mshangao. "Mtamu mtupu, hana hata chembe ya chumvi. Sekta gani?"

Mwajabu aligusa mfuko kiunoni. "Sukari."

"Mwekezaji wa sukari! Karibu nyumbani, mheshimiwa!"

Mwajabu hakuamini masikio yake. Angefika wodini kabla ya adhuhuri. Bwana Ndimi akageukia bomba la kuongelea akapaaza sauti kwa walio ndani: "Wawekezaji wawili tayari! Toeni watatu!" Bomba likakoroma kwamba wapo wawili tu, wa tatu amekimbilia mitaani. "Tafuteni wa tatu popote, bora apatikane! Nina mheshimiwa wa sukari anasubiri hapa!"

Mwajabu alimhurumia huyo wa tatu, yeyote awaye, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akamwomba Mungu wamkamate upesi.

Wakamkamata. Mlango ulizunguka ukawatema watatu wakiwa na magunia vichwani, maana serikali ilijali staha yao. Wawili walitembea. Wa tatu alibebwa kwa kanga na hao wawili, akawekwa chini kwenye njia, na kibandiko shingoni kikasomeka CHUMVI NYINGI. Mwajabu aliinua gauni lake ili asiuguse ule mwili, akauruka, akaingia.

*

Kitanda cha kumi na moja kilikuwa kimetandikwa shuka jipya.

"Nesi Tunu," alisema Mwajabu, mfuko mkononi, kijiko tayari kimetoka mfukoni. "Mama mmemhamishia wapi?"

Nesi Tunu alimtazama, akaketi kitandani.

"Walikuja saa nne, dada. Maafisa wa Pampu. Walisema wamepungukiwa na mtu mmoja, wakaanza kulamba wagonjwa. Mama sukari ilikuwa imeshuka, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Nikasimama mbele yao. Nikawaambia mwacheni bibi huyu, mheshimuni, huyu amekula chumvi nyingi." Akajifuta macho. "Nilimaanisha umri, dada Mwajabu. Kila mtu anasema hivyo. Yule afisa akaniuliza, nyingi kiasi gani? Akaandika. Akasema nimekiri kwa niaba ya mgonjwa."

Mwajabu aligeuka akalitazama lile shuka jipya.

"Walikuwa na haraka kweli," Nesi Tunu aliendelea, analia waziwazi sasa. "Walisema kuna mwekezaji wa sukari anaingia."

Kijiko kilianguka sakafuni. Mwajabu alikuwa tayari uwanjani, anakimbia.

*

"Nataka kutoka."

Bwana Ndimi alimlamba mara moja akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Haiwezekani, mheshimiwa. Bado mtamu. Wawekezaji hawatolewi, ni kinyume cha sera."

"Mimi si mwekezaji! Mimi napika uji! Yule uliyemtoa ni mama yangu, mnamtupa mgonjwa kwenye jua mchana kweupe, na mimi, na mimi..." Alitaka kusema nimemruka, na neno likakataa kutoka. Badala yake machozi yalitoka, mengi, ya siku tatu na ya miaka kumi na sita. Yakachimba njia mbili kwenye ule ungaunga wa sukari mpaka kidevuni. "Lamba hapa," alisema, akamsogezea shavu. "Lamba, mshenzi wewe."

Bwana Ndimi hakukasirika, kwa kuwa alikuwa kazini. Alilamba shavu, akafumba macho, uso ukamng'aa.

"Aa," alisema, akachukua kalamu. "Sasa umekuwa raia."

Nje, Bi. Mashavu alikuwa palepale walipomweka, hatua nne kutoka mlangoni na hatua kumi kutoka kwenye kilima cha sukari. Watu wa chumvi walikuwa wamemwekea kivuli cha bati na kumpepea, lakini kibandiko kilisema chumvi, na hakuna aliyejua kwamba alichohitaji kilikuwa chini ya miguu yao. Mwajabu alimvua gunia. Alipiga magoti, akalowanisha kidole, akakichovya kwenye mfuko, akakipitisha kwenye midomo ya mama yake.

"Mama, lamba. Nimekuja, leo ni Alhamisi. Lamba kidogo tu."

Nchi nzima ya Chembehai ilikuwa inalamba. Bi. Mashavu hakulamba.

Sikudhani alimshika bega. Mwajabu alimfumba mama yake macho. Kisha akainuka, akamwinua mama yake kwa kanga ile ile, akamburura hatua zile nne, akaketi katikati ya mdomo wa Pampu, mgongo kwenye ubao wa mlango, kichwa cha mama mapajani.

Kengele ya mzunguko ililia. Wawekezaji wawili wapya walikuja na mabegi yao, wakasimama.

"Samahani, mama," alisema mmoja kwa adabu. "Sogea kidogo. Unaziba mlango."

Mwajabu hakusogea. Sikudhani akaja akaketi kulia kwake. Makuli wawili wakaja kushoto, kisha mjane wa kwenye foleni na cheti chake, kisha mkulima na mbegu zake, kisha wakaanza kushuka kutoka vilimani kwa mamia, na kila aliyefika aliketi. Ndani ya Pampu Bwana Ndimi alikuwa akipiga ubao kwa ngumi na kupiga kelele kwamba watatu watoke, wawili waingie. Mtambo ulisukuma, ukalia, ukanuka moshi, ukanyamaza.

Yale ya kwamba Pampu ikisimama nchi huvimba aliyasema Waziri wa Uwiano mwenyewe, na sisi hatuna elimu ya kumpinga Waziri. Tunachoweza kusema ni kwamba saa tisa alasiri mlinzi wa kwanza, yule aliyecheka sana juu ya kitu kidogo, aliwaambia wenzake kwamba hajui kwa nini, lakini sare inambana.